Dohani Isiyovuta

Ilipotimia saa tatu na nusu asubuhi ya Alhamisi hiyo, Inspekta Obwona alikuwa amekwisha kuliona jiko, amekwisha kukiona kiti alichofia Tarcisio, na amekwisha kumwona mtu ambaye jeshi lilikusudia alipe kwa kifo hicho. Alichokuwa hajakiona bado ni sababu.

Mtu huyo aliitwa Hamdun. Alikuwa fundi wa majiko ya kuni na mabomba ya moshi, mkazi wa Kasubi, mwenye miaka sitini na mitatu, mjukuu wa wafanyabiashara waliofika Buganda na misafara kutoka pwani na wasirudi tena. Alikuwa amekaa sakafuni mle jikoni, mgongo ukutani, mikono ndani ya pingu. Kofia yake ya viua aliipakata gotini. Askari mmoja alikuwa ameipiga ikaangukia matopeni, naye hakuwa tayari kuiweka kichwani kabla ya kuifua.

Mbele ya dirisha alisimama Kapteni Wanjala wa idara ya usalama ya jeshi, fimbo kwapani, akimtazama Inspekta kama mtu anayengojea mgeni amalize chai aondoke.

"Inspekta, wewe nasoma hiyo jiko kama barua ya mchumba," alisema. "Jiko haina mdomo. Mzee hii iko na mdomo. Nipatie yeye dakika kumi tu pale nyuma ya landrova, atasema mpaka jina ya nyanya yake."

"Meja ameagiza taarifa ya polisi, Afande," Obwona alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Taarifa ya polisi huanza na kitu, ndipo ifike kwa mtu."

"Meja anafika saa sita."

"Basi nina mpaka saa sita."

"Saa sita na dakika moja, mzee ni ya mimi. Na niko na kielelezo ndani ya gari ambayo itanyonga yeye mara mbili."

Mwaka huo wa 1975 hapakuwa na mtu mjini Kampala aliyehitaji kufafanuliwa maana ya kuwa wa Kapteni. Waliochukuliwa na landrova za namna ile hawakurudi, na jamaa zao walijifunza kutouliza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tarcisio, karani wa bohari ya serikali, alikutwa amekufa alfajiri ya siku hiyo katika nyumba yake ya Bukoto, ameketi kwenye kiti karibu na jiko, kikombe cha chai kando yake, madirisha yote yamefungwa. Aliyemkuta ni mkewe, Rosalba. Kwa kuwa Rosalba ni dada wa Meja mmoja wa kambi ya Masindi, habari zilifika jeshini kabla jua halijapanda. Meja alitoa amri mbili kwa simu: jeshi limshike muuaji, na polisi waandike alivyoua. Jeshi lilikuwa limetimiza amri ya kwanza kwa kumkamata mtu wa nje wa mwisho kuligusa jiko lile. Jumatatu, Mzee Hamdun alikuwa amelisafisha.

Daktari wa chumba cha maiti alikuwa amemwambia Obwona maneno machache tu. Midomo ya marehemu na nyama chini ya kucha zilikuwa na wekundu mng'avu. Hakukuwa na sumu tumboni wala jeraha mwilini. Ni hewa ya moto iliyomwua, ile isiyoonekana wala kunusika. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: kwa nini hewa hiyo ilibaki ndani ya nyumba yenye dohani?

Obwona aliingia sebuleni kumhoji mjane. Rosalba alikuwa amejitanda kanga nyeusi, macho makavu, mikono imetulia mapajani.

"Pole tena, mama. Jana asubuhi uliwasha jiko?"

"Niliwasha, ladit," alijibu, akimwita kwa jina la heshima la watu wa kaskazini. "Nilipika uji na mihogo. Tangu Mzee Hamdun alisafishe, jiko lilivuta mpaka moto ukanguruma. Marehemu alicheka, akasema Mwingereza aliyejenga nyumba hii amerudi."

"Jiko la umeme mliliacha lini?"

"Lilipoungua mwaka juzi. Vipuri viko wapi? Maduka yamebaki na mbao tupu. Tukarudia hili la kuni."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Nilikwenda Kawempe kwa dada yangu, anaumwa. Mvua ikanizuia, halafu saa za kutotoka nje zikawadia. Nikalala huko."

"Moto uliuzima?"

"Niliufukia." Alitazama vidole vyake. "Makaa chini ya jivu, kama mama yangu alivyonifundisha kwetu Nebbi. Anayetangulia kurudi huyafukua, akapata moto tayari. Kiberiti siku hizi ni cha kutafuta kwa tochi. Tarcisio ndiye aliyefukua kila jioni."

Obwona aliandika. Alimwona mtu aliyerudi jioni akiwa amelowa, akafukua makaa, akayapulizia, akachemsha chai, akafunga madirisha kwa ajili ya mvua, akaketi kujipasha joto. Makaa mekundu hayana moshi wa kumwasha mtu macho akaamka.

"Ladit," Rosalba alisema kwa sauti ya chini, "ni makaa yangu yaliyomwua?"

Mtu mwingine angemwambia hapana ili kumtuliza. Obwona alikuwa na miaka ishirini na tisa katika kazi ya polisi, na hakuwa na desturi ya kutoa jibu ambalo hajalipata.

"Bado sijui, mama. Nitakuambia nikijua."

Aliporudi jikoni alimwamuru askari afungue pingu moja. Kapteni aliguna.

"Atakimbia."

"Ana miaka sitini na mitatu, Afande, na nje una askari sita. Mzee Hamdun, simama. Jiko hili limekataa kazi yake. Nionyeshe utakavyolitafutia ugonjwa, na kila unachogusa ukitaje kwanza."

Mzee alisimama taratibu, pingu ikining'inia kwenye mkono wa kushoto. Jiko lilikuwa la chuma cha kusubu, jeusi, lenye miguu minne iliyopinda kama ya mbwa, na bomba lake lilipinda kiwiko nyuma yake, kisha likapanda wima hadi darini. Mara alipoliwekea kiganja, kitu fulani mabegani mwake kilinyooka.

"Hatuanzi juu, Bwana Inspekta. Tunaanza hewa inapoingia. Navuta droo ya jivu." Akaivuta. "Jivu la siku moja na nusu. Likijaa likagusa wavu wa chuma, moto hukosa pumzi kwa chini. Hapa halijafika hata nusu. Wavu u mzima, mianya yake i wazi."

"Endelea."

"Mlango." Alichana kipande cha gazeti, akakibana kwa mlango wa jiko, akakivuta. Kikakatika. "Kamba ya kuziba ukingo ni nzima. Ingelikuwa imechakaa, karatasi ingechomoka bila kuchanika. Sasa kilango cha ndani ya bomba. Mkono wake ukilala sambamba na bomba, kiko wazi. Uko sambamba."

"Umegeuza wewe sasa hivi!" Kapteni alisema.

"Hakugeuza," Obwona alisema. "Nilichora mstari wa chaki pembeni mwa mkono huo nilipoingia saa mbili. Tazama, Afande. Haujasogea."

Kapteni hakutazama. Aliupiga teke mrundo wa kuni kando ya ukuta. "Basi ni kuni! Kuni mbichi. Mimi nimekulia Busia, najua. Kuni mbichi naua."

Hamdun alimtazama Inspekta, akapewa ruhusa kwa kichwa. Aliokota vipande viwili, akavigonganisha. Vililia kwa mlio mkavu, mwembamba.

"Mkaratusi uliopasuliwa na kukaa kivulini miezi minane. Ulio mbichi ukigongwa husema kama mkate. Ni kweli, Kapteni, mbichi ni adui; hutoa utomvu unaoganda ndani ya bomba mweusi kama lami. Lakini hauwezi kuliziba bomba kwa siku mbili. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima wa uvivu."

"Nani mvivu?"

"Hakuna aliyetajwa, Afande," Obwona alisema. "Mzee, endelea."

Penye kiwiko cha bomba palikuwa na kidirisha cha kusafishia. Hamdun alikifungua, akaingiza vidole, akavitoa vina vumbi jepesi la rangi ya kijivu. "Masizi ya moto mzuri. Siku mbili, si zaidi." Kisha aliomba njiti moja, akawasha kipande cha gazeti, akakishika mdomoni mwa kile kidirisha. "Dohani iliyo nzima huumeza huu mwali. Tazameni."

Mwali ulisimama kidogo kama unaofikiri, kisha ukainama upande wa chumba. Moshi ukawarudia usoni, na Kapteni akakohoa.

"Haivuti," Obwona alisema.

"Haivuti. Naomba kioo cha mkono."

Rosalba alikileta. Hamdun alikiingiza kwa kukilaza, akakielekeza juu, akamwachia Inspekta nafasi ainame. "Jumatatu ulikuwa unaona mwanga wa mbingu humo, Bwana Inspekta."

Ndani ya kioo kulikuwa na giza tupu.

Kapteni alipiga makofi mara mbili. "Kwisha! Imezibwa huko juu. Nani napanda juu ya nyumba ya watu? Fundi! Andika hiyo."

"Fundi alipanda Jumatatu. Jiko limewaka Jumanne, na Jumatano asubuhi likanguruma. Bomba lililozibwa Jumatatu halingurumi Jumatano."

"Basi alirudi jana."

"Mzee Hamdun, jana baada ya saa saba ulikuwa wapi?"

"Kawempe, Bwana Inspekta, kwa mwokaji mikate. Dohani ya tanuri lake ilikuwa na ufa. Nilikaa huko tangu adhuhuri hadi magharibi, na watu kumi waliniona."

"Vizuri," Kapteni alisema. "Hao kumi nitakamata pia."

Kalamu ya Obwona ilisimama juu ya karatasi. Hakumwuliza mzee jina la mwokaji, na nafasi ya jina hilo katika daftari ilibaki tupu.

Saa nne na robo askari alikuja kumwita Kapteni kwenye redio ya gari. Kulikuwa na ujumbe kutoka Masindi. Mara mlango ulipofungwa nyuma yake, Obwona alimsogelea fundi.

"Nitapanda mwenyewe. Nitakuta nini huko juu?"

"Kofia ya dohani," Hamdun alisema kwa haraka. "Niliifunga Jumatatu hiyo hiyo. Upepo wa mlima huu wa Bukoto hushuka ndani ya bomba na kuusukuma moshi chini, kwa hiyo nikatengeneza kofia yenye shingo na mkia. Mkia hufuata upepo, mdomo ukaupa kisogo. Huzunguka yenyewe. Na pana waya wa shaba kutoka hapo hadi chini ardhini, kwa ajili ya radi. Usiushike mkia, Bwana Inspekta, utaupinda."

"Na vigae?"

"Vua viatu. Kanyaga pale kigae kinapolalia mwenziwe, ndipo penye ubao chini yake. Ukikanyaga katikati, kitavunjika. Mimi sijavunja kigae tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi."

Obwona alivua viatu na soksi uani, akaegemeza ngazi, akapanda kwa uangalifu wa mtu mzito mwenye miaka hamsini na minne. Vigae vilikuwa bado na ubaridi wa mvua ya usiku. Hatua tano tu alizopiga zilimpa jibu la kwanza: mbele yake, kwa mstari ulionyooka hadi kwenye dohani, vigae vinane vilikuwa vimepasuka, kila kimoja katikati. Katika ufa mmoja, mvua isipofika, palikuwa na tope lililokauka likiwa na alama za soli nene, mistari kwa mistari. Mpanda paa wa peku haachi soli.

Kofia ya dohani haikuwapo.

Mahali pake palikuwa na gunia lililokunjwa mara nne, likashindiliwa mdomoni mwa bomba na kufungwa kwa waya. Obwona alipiga magoti. Upande wa juu gunia lilikuwa limelowa. Aliponyanyua ukingo wake, chini lilikuwa kavu na limeungua rangi ya kahawia. Waya ulikuwa mweusi, umesokotwa nyuzi nyingi nyembamba, wa aina inayotandazwa na askari wa simu porini. Waya wa shaba wa radi ulikuwa umekatwa kwa koleo, na ncha yake ilikuwa bado inang'aa. Alipima, akachora, akaandika. Hakung'oa kitu.

Kwenye ua wa jirani mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo. Aliponyanyua uso akamwona, mikono yake iliganda na shuka.

"Habari za asubuhi, nnyabo," Obwona alisema kutoka juu, akimwita kwa jina la heshima la Waganda. "Jina lako?"

"Fatumah, ssebo."

"Jana mchana ulikuwa hapa nyumbani?"

"Mimi sijaona mtu yeyote juu ya paa, ssebo. Kweli kabisa. Na nguo yao sijaona rangi yake."

Obwona alilifunga daftari lake. "Sijakuuliza habari za paa, nnyabo. Wala za nguo."

Fatumah alishika mdomo. Shuka lilianguka matopeni na hakuliinamia.

"Ingia ndani ufanye kazi zako," Obwona alisema. "Mimi nimekusalimu tu, nawe ukaniitikia. Hayo ndiyo tuliyozungumza."

Akashuka. Sasa alijua la kufanya, na pia alijua kwamba neno moja likitoka kinywani mwa fundi kabla ya wakati wake, mzee hataiona adhuhuri. Aliingia jikoni akiwa bado anafunga kamba za viatu.

"Mzee Hamdun, tangu sasa huna ulimi. Utakachokiona mezani, usikitaje mpaka nikuite kwa jina. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bwana Inspekta."

Kapteni alirudi akiwa na jasho la usoni. Meja alikuwa amevuka Luwero.

"Afande," Obwona alisema kwa sauti ile ile ya asubuhi nzima, huku akiweka juu ya meza kitabu kirefu chenye jalada gumu. "Ulisema una kielelezo garini. Hiki ni kitabu cha vielelezo. Meja atakisoma, na kisichoandikwa humu hakitakuwamo katika taarifa."

Kapteni alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alipiga mluzi, na askari akaleta kitu kilichofunikwa blanketi. Kapteni mwenyewe alilifunua. Kilikuwa kichwa cha bati chenye shingo iliyopinda na mkia mpana, na kipande cha waya wa shaba kikining'inia.

Hamdun alivuta pumzi.

"Mashine ya redio," Kapteni alisema. "Tulipata ripoti. Mtu mwaminifu ameona hii kitu nazunguka peke yake, kutwa nzima, natafuta masikio ya maadui huko ng'ambo. Na waya yake naingia ndani ya udongo! Mzee hii ndiyo alifunga. Halafu akaona mwenye nyumba atasema, akaua yeye."

"Kilichukuliwa wapi?" Obwona aliuliza, kalamu ikitembea.

"Juu ya hii nyumba."

"Siku na saa?"

"Jana. Saa kumi kamili. Hakukuwa na mtu."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mimi! Koplo amepanda, mimi nimesimama chini na macho yangu mbili."

"Na shimo lililobaki?"

"Nimeambia yeye ziba. Wingu ilikuwa nyeusi. Sisi si wezi, Inspekta. Hatuwezi kuacha nyumba ya watu inavuja mvua."

"Mliziba kwa nini?"

"Gunia. Na waya yetu ya simu, alifunga nguvu sana."

Obwona aliyaandika yote, akayasoma kwa sauti neno kwa neno, akamgeuzia kitabu. Kapteni alitia sahihi kwa mkwaruzo mrefu. Obwona alikausha wino kwa karatasi, akakifunga kitabu, akakiweka chini ya kiganja chake.

"Mzee Hamdun. Hiki ni nini?"

"Ni kofia ya dohani, Bwana Inspekta. Mali ya nyumba hii, na kazi ya mikono yangu." Aliigeuza kwa mkono wake uliokuwa huru, akapitisha kidole gumba ndani ya shingo. Masizi yalitoka, na chini yake likatokea ua la njano na nusu ya neno lililochapwa kiwandani. "Ni debe la mafuta ya kupikia. Moshi hutokea hapa."

Wanjala alilitazama lile ua, kisha akatazama bomba la jiko, akalifuata kwa macho taratibu hadi darini. Hakuwa mjinga. Obwona aliona uso wake ukifika mahali pale pale ambapo yeye alifika juu ya vigae: shimo, gunia, makaa, na shemeji wa Meja.

"Nyinyi wote, nje," Kapteni aliwaambia askari. Mlango ulipofungwa, alitoa bastola, akailaza juu ya jiko. "Ng'oa hiyo karatasi."

"Kurasa za kitabu hiki zina namba, Afande."

"Basi sikia." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Andika hivi. Bomba iliziba na masizi. Mzee alifanya kazi mbaya. Ajali. Ataenda gerezani miezi sita, atarudi kwa bibi yake Kasubi akiwa na meno yote. Mimi napatia yeye maisha. Ni nani mwingine Kampala anapata hiyo leo?"

Ahadi ile haikuwa ndogo. Obwona alikuwa amewaona wengi waliokosa hata robo yake. Alimgeukia fundi.

"Mzee, maisha ni yako. Mimi siwezi kuyatolea jibu."

Hamdun alitazama mikono yake.

"Miaka arobaini nimesafisha dohani za watu. Nikikubali kwamba masizi niliyoyaacha yameua mtu, nani atalala usingizi chini ya bomba nililolishika? Watayabomoa majiko yao kwa hofu. Na huyu mama ataishi akiamini kwamba makaa aliyoyafukia ndiyo yaliyomwua mumewe. Andika ulivyoona, Bwana Inspekta."

"Ndivyo ilivyokwisha kuandikwa," Obwona alisema.

Kapteni aliweka mkono juu ya bastola. "Wewe mtu ya Kitgum. Wewe najua watu ya kwenu ndani ya polisi wameenda wapi?"

"Najua, Afande. Watatu kati yao niliwafundisha kazi mimi."

"Kwa hiyo si makaa yangu."

Sauti ilitoka ukutani. Kati ya jikoni na chumba cha kulia, Mwingereza aliyejenga nyumba ile alikuwa ameacha kidirisha cha kupitishia vyakula, na vibao vyake vilikuwa wazi asubuhi yote. Rosalba alikuwa amesimama upande wa pili, mikono juu ya kizingiti.

"Si makaa yako, mama," Obwona alisema. "Hewa yake ingepanda ikatoka kama siku zote. Niliahidi kukuambia nikijua. Sasa najua."

Rosalba alifumba macho, akayafumbua. Alipomtazama Kapteni hapakuwa na hasira usoni mwake, ila uchovu mkubwa.

"Uliliziba shimo ili nisinyeshewe, Kapteni?"

"Mvua ilikuwa nakuja, mama," Wanjala alisema.

"Nimekusikia ukilisema neno hilo kabla hujajua lina maana gani. Kwa hiyo naliamini." Alinyoosha kidole kuelekea kwenye pingu. "Kaka yangu anakuja. Akimkuta huyu mzee amefungwa, nitatoka nimwambie la gunia mimi mwenyewe, wala sitaongeza neno. Akikuta amekwenda zake, nitamwambia la gunia, na la mvua pia. Kaka yangu hunisikiliza mimi. Chagua upesi."

Kutoka barabarani, mbali, kulisikika honi ya gari la jeshi ikiwafukuza wapita njia. Kapteni aliingiza mkono mfukoni. Funguo zilimponyoka, zikaanguka. Aliinama kuziokota mwenyewe, akaufungua ule mkono wa kushoto uliobaki.

"Pita uani," Obwona alimwambia fundi. "Usipitie Kasubi. Mkeo atapelekewa habari. Nenda mahali ambapo nikiulizwa, sitakuwa na jibu."

Hamdun alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa mbele ya Rosalba, akatoka. Walisikia nyayo zake zikivuka ua, kisha majani ya ua wa miti, kisha hawakusikia kitu.

Honi ililia tena, sasa langoni. Rosalba alikuwa amekwisha kutangulia nje.

"Utasema nini?" Wanjala aliuliza. Alikuwa ameegemea meza, na fimbo yake ilikuwa imeanguka bila yeye kujua.

"Yaliyoandikwa, Afande," Obwona alisema, akikitia kitabu kwapani. "Kwa mpangilio yalivyoandikwa."

Alifunga vifungo vya koti hadi shingoni, akatoka barazani. Baada ya kitambo Kapteni aliichukua bastola yake kutoka juu ya jiko, akairudisha kiunoni, akamfuata.